Usimuulize mgeni "Umeona?": namna ya kuandaa usiku wa kutazama nyota

Nimekuwa nikiwaalika watu kutazama nyota kwa miaka 11, na ile mitatu ya mwanzo nilikuwa nikidanganywa kwa adabu nzuri kabisa. Mgeni anainama kwenye darubini, anakaa sekunde tano, namuuliza, "Umeona?" Anajibu, "Nimeona, ahsante sana," anampisha mwenzake. Usiku mmoja bibi mmoja alitazama, akanishika mkono kunishukuru, akaenda zake. Nikainama kuangalia kama Zohali, ile sayari yenye pete, bado iko katikati. Haikuwepo. Kulikuwa na kiza kitupu. Mtu alikuwa ameigonga darubini kwa goti, sijui saa ngapi, na bomba lilikuwa linaangalia mahali pasipo na kitu. Wale wanne au watano waliomtangulia bibi nao walikuwa "wameona", tena mmoja aliniambia imemfurahisha kuliko alivyotarajia.

Sikuwalaumu. Ukiwa na foleni nyuma yako na mtu usiyemjua anangoja useme neno, utasema umeona. Tangu siku ile nimebadilisha karibu kila kitu katika maandalizi yangu, kuanzia tarehe hadi magari yanapoegeshwa, ili ile dakika moja ambayo mtu anaweka jicho kwenye lenzi isiende bure. Mimi si mtaalamu wa falaki. Ni fundi umeme: mchana nawasha taa, usiku naomba zizimwe.

Tangazo

Tangazo langu la kwanza lilisomeka "Usiku wa Unajimu". Hapo nilikosea. Neno unajimu limebeba mizigo miwili, elimu ya nyota na utabiri wa nyota, na msomaji wa kawaida huuona ule wa pili kwanza. Walikuja watu kadhaa na tarehe zao za kuzaliwa. Kijana mmoja alitaka kujua kama nyota yake na ya mchumba wake zinapatana, na mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nasafisha nyota. Niliwaonyesha Mwezi, wakafurahi, lakini hawakuwa wamefuata hilo. Sasa naandika "Tutazame Mwezi na sayari kwa darubini", basi. Ukihitaji jina la elimu yenyewe, andika astronomia.

Jambo la pili ni picha. Usibandike picha ya galaksi yenye rangi za zambarau na waridi. Picha zile zimepigwa kwa kamera iliyokusanya mwanga kwa saa nyingi, nyingine kutoka angani kabisa. Jicho la binadamu gizani halioni rangi vizuri, kwa hiyo galaksi ya Andromeda kwenye darubini ya kawaida ni wingu hafifu la kijivu. Mtu aliyeahidiwa waridi akipewa kijivu atahisi ameibiwa. Weka picha ya Mwezi uliyoipiga mwenyewe kwa simu kupitia darubini, hata kama imepinda kidogo. Watakachokikuta kitakuwa kizuri kuliko hiyo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mengine andika kwa kifupi: saa ya kuanza na ya kumaliza, njia ya kuingilia, nguo za baridi, na kitakachotokea mawingu yakitanda. Hilo la mawingu nitalirudia.

Mwezi kwanza, tarehe baadaye

Waandaaji wapya hupenda mwezi mpevu. Unavutia, ni mkubwa, kila mtu anaujua. Kwenye darubini ndio wakati wake mbaya kuliko yote, kwa sababu Jua linaupiga usoni moja kwa moja na vivuli vinakwisha. Unabaki sahani nyeupe inayoumiza jicho. Chukua Mwezi wa siku tano hadi tisa tangu uandame, karibu na robo ya kwanza. Jua linapozama, Mwezi tayari uko juu, na unazama karibu na saa sita usiku, muda wa kutosha kwa wageni wote. Pale mpaka wa mchana na usiku unapopita katikati ya uso wake, jua linachomoza juu ya mashimo na milima, na kila ukingo unarusha kivuli kirefu cheusi. Kuna vilele vinavyowaka peke yake ndani ya giza kwa sababu jua limefika kileleni na bado halijafika bondeni. Watu hupiga kelele hapo. Kwenye mwezi mpevu sijawahi kusikia mtu akipiga kelele.

Mwezi unarudi kila baada ya siku 29 na nusu, kwa hiyo ukikosa tarehe moja hujapoteza kitu. Sayari ndizo zinazotaka hesabu. Zohali hufika mahali pake pazuri, mkabala na Jua, kila baada ya mwaka mmoja na wiki mbili hivi. Mushtarii (Jupiter) kila baada ya miezi 13. Mirihi kila baada ya miezi 26, na nje ya kipindi hicho Mirihi ni nukta ya rangi ya chungwa isiyostahili kumpangisha mtu foleni. Ijaribu anga yako kwanza kwenye programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure: weka tarehe, weka saa, uone sayari itakuwa juu ya paa la jengo au nyuma yake. Mimi niliwahi kutangaza Zohali usiku ambao ilikuwa imejificha nyuma ya mti mmoja mkubwa mpaka saa nne na nusu. Sikuwa nimeuhesabu mti.

Ukitaka usiku wa vimondo, huo ni mkutano wa aina nyingine. Mvua ya vimondo ya Perseidi hufikia kilele tarehe 12 na 13 Agosti, ile ya Geminidi tarehe 13 na 14 Desemba. Hapo darubini ni kizuizi tu. Watu walale chali, watazame anga nzima, na usiwe na ratiba.

Hotuba: dakika 25, na ihusu kile watakachokiona

Nimekaa kwenye hotuba ya saa moja na robo kuhusu mashimo meusi, nje anga ikiwa safi kama kioo, halafu mawingu yakaingia mhutubu alipofika "mwisho kabisa". Mhutubu yule alikuwa mjuzi na mtu mzuri. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na aliyepaswa kumwambia nilikuwa mimi.

Sasa hotuba inaanza jua likizama, inakaa dakika 25, na inazungumzia kitu kilichomo kwenye darubini usiku huohuo. Kama Mushtarii iko juu, nasimulia Galileo, ambaye Januari 1610 aliona vinukta kando ya sayari hiyo, na usiku baada ya usiku vikawa vinahama: ilikuwa miezi yake minne mikubwa. Kisha namleta Ole Rømer, mwanafalaki wa Denmark. Huyu alikuwa Paris, na walikuwa wakipima wakati ambao Io, mwezi ulio karibu zaidi na sayari kati ya ile minne, unaingia kwenye kivuli cha Mushtarii. Io huzunguka kwa saa 42 na nusu hivi, kwa hiyo ilitakiwa iwe kama saa ya ukutani. Lakini saa ile ilichelewa Dunia ilipokuwa inakwenda mbali na Mushtarii, na ikawahi Dunia ilipokuwa inaikaribia. Mwaka 1676 Rømer akasema mwanga wenyewe unachukua muda kusafiri. Naishia hapo. Dakika kumi baadaye wasikilizaji wanainama na kuiona Io kwa macho yao, na wanajua kwamba nukta ile ndiyo iliyofichua mwendo wa mwanga. Hakuna slaidi inayoweza kufanya kazi hiyo.

Kama mada ni Mwezi, sihitaji hata projekta. Nachukua mpira wa kikapu, nasema hii ni Dunia. Mpira wa tenisi ndio Mwezi. Kwa ukubwa unakaribiana sana na uwiano wa kweli. Namwita mtoto, nampa mpira wa tenisi, naambia ukumbi: mwelekezeni asimame umbali sahihi. Karibu kila mara wanamsimamisha hatua moja au mbili kutoka kwangu, kama michoro ya vitabuni. Namrudisha nyuma, namrudisha tena, mpaka mita saba na zaidi, na mara nyingi anagonga mlango. Kilomita 384,400 za kutoka Duniani hadi Mwezini zinaingia kichwani kwa mgongo wa yule mtoto.

Majina nayo ni mazuri kwa msikilizaji wa Kiswahili kuliko anavyodhani. Nyota nyingi angavu zina majina ya Kiarabu: Rigel ni mguu, Deneb ni mkia, Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Na kile kikundi cha nyota sita au saba kinachoonekana kama vumbi linalong'aa, Kilimia, sisi tunalo jina lake lenye kilimo ndani. Muulize mtu mzima aliyeketi nyuma kama analijua. Mara nyingi analijua, na kuanzia hapo hotuba ni yake na si yako.

Mhutubu wa kualikwa, mwambie dakika 20 ili amalize 25. Kaa mstari wa mbele na saa. Maswali yaende nje, kwenye foleni, ambako kuna muda mwingi wa kusubiri.

Foleni

Hesabu ni ya darasa la nne. Mgeni mmoja anahitaji dakika moja na nusu: kufika, kuinama, kutafuta, kuona, kusema kitu, kuondoka. Wageni 60 kwa darubini moja ni dakika 90, na wa sitini atakuwa amekwenda nyumbani zamani. Usiku wangu wa kwanza walikuja 90 hivi na darubini zilikuwa mbili. Siku hizi nataka darubini moja kwa kila watu 20, na kila moja ilenge kitu chake: moja Mwezi, nyingine Zohali, nyingine kundi la nyota. Isogezwe kutoka sayari hii kwenda ile katikati ya foleni? Hapana. Aliyesimama nusu saa akisubiri Zohali usimbadilishie.

Darubini haihitaji kuwa ya ajabu. John Dobson, aliyekuwa mtawa, na wenzake walianza mwaka 1968 kule San Francisco kusimamisha darubini za kujitengenezea kwenye kona za barabara na kuwaita wapita njia. Mtindo wake, bomba lililoketi kwenye sanduku la mbao linalozunguka, ndio ninaoutumia: kioo cha milimita 203, urefu wa fokasi, yaani umbali ambao kioo kinakusanya mwanga, milimita 1,200. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 inakuza mara 48, na Mwezi mzima unaingia. Kwa lenzi ya milimita 10 inakuza mara 120, pete za Zohali zinaonekana wazi. Zaidi ya hapo hewa inatetemeka na picha inachemka, kwa hiyo usishindane na maandishi ya kwenye maboksi yanayoahidi mara 500.

Darubini ya namna hii haina injini ya kufuata anga. Dunia inazunguka, na kwa kukuza mara 120 sayari inavuka uwanja wote wa lenzi kwa dakika moja na nusu tu. Ukiiweka katikati kisha ukamwita mgeni, tayari nusu ya muda imekwisha. Akichelewa kwa kuvua miwani, anakuta ukingo. Kwa hiyo usiiweke katikati. Iweke kwenye ukingo inakoingilia, upande ambao itapita katikati ikiwa jicho la mgeni limetulia. Angalia mara moja kila mgeni anapoondoka. Ndiyo, kila mgeni. Mgongo utauma, na ndiyo maana kila darubini inahitaji watu wawili: mmoja wa kulenga, mmoja wa kuzungumza na foleni.

Huyu wa foleni ndiye anayeokoa usiku. Anawaambia wanaosubiri watakachokiona na ukubwa wake. Zohali itakuwa ndogo kama punje iliyochongwa, na mtu asipoambiwa hilo atatafuta sayari inayojaza lenzi na kuiruka ile iliyopo. Anawafundisha pia kuinama: mikono nyuma, usishike bomba, funika jicho lingine kwa kiganja badala ya kulikaza, maana ukilikaza na hili linakunja, sogea taratibu mpaka uone duara la mwanga, kisha ingia ndani yake. Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua na kuzungusha kifundo cha fokasi mwenyewe. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, abaki nayo.

Kuna mchezo mdogo unaosaidia zaidi ya maneno. Mwezi ukiwa kwenye darubini, shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, sentimita moja au mbili. Duara dogo la mwanga litatua kwenye karatasi. Kwa lenzi yangu ya milimita 25 lina upana wa milimita nne hivi. Mwambie mgeni: mboni yako inatakiwa ikae hapo, palepale. Ghafla anaelewa kwa nini alikuwa anaona kope zake tu.

Na swali. Usiulize "Umeona?" Uliza kitu ambacho hakijibiki kwa adabu. Kando ya Mushtarii kuna vinukta vingapi, na vingapi viko kushoto? Pete imeinama upande gani? Kwenye Mwezi, ile sehemu ya giza iko kulia au kushoto, na kuna nini mpakani? Aliyeona atajibu kabla hujamaliza. Ambaye hajaona atanyamaza, na ukimya huo ndio unaoutafuta. Hapo mwambie kwa upole, "Imetoroka, ngoja niirudishe." Kosa limekuwa la sayari, si lake. Nimeona watu wazima wakipumua kwa faraja wakisikia hivyo.

Mzee mmoja alijibu swali langu sawasawa kabisa, pete na kila kitu, kisha akaniambia, "Kijana, hii picha umeibandika ndani." Wasimamizi wa darubini duniani kote wameshaambiwa hivyo. Sikubishana. Nilimwomba abaki palepale bila kugusa chochote. Zohali ikaanza kuteleza kuelekea ukingoni, pole pole, ikagusa ukingo, ikakatika nusu, ikatoweka. Akanyoosha mkono, akauweka mbele ya mdomo wa bomba, akautoa, akauweka tena. Halafu akaniuliza, "Imekwenda wapi?" Nikamwambia, "Haijaenda, mzee, ni sisi tunaozunguka." Alirudi mwisho wa foleni, akasimama tena dakika 40.

Watoto: kigoda chenye ngazi mbili na mtu mzima wa kushika bega, si kumbeba mtoto, kwa sababu anayebebwa anayumba na jicho halitulii. Asiyeweza kusimama au kuinama afungiwe simu kwenye lenzi, aangalie kwenye kioo cha simu akiwa amekaa. Picha za simu kwa watu wengine ziwe mwishoni, za Mwezi tu. Ukiruhusu mapema, dakika moja na nusu inakuwa tano.

Taa, na mlinzi

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa moja ya gari inafuta yote kwa sekunde. Mwanga mwekundu hafifu hauliharibu sana, kwa hiyo tochi zifunikwe karatasi nyekundu, na magari yaegeshwe vichwa vikiangalia njia ya kutokea ili anayeondoka mapema asimulike watu wote akigeuza. Lakini tuwe na kiasi. Kwa Mwezi na sayari giza kamili halihitajiki hata kidogo. Nimewaona wapenzi wa nyota wakimkaripia mtoto aliyewasha simu, usiku ambao Mwezi wenyewe ulikuwa unatupa vivuli vyetu chini. Mtoto yule hakurudi, na wazazi wake pia.

Pima uwanja usiku, si mchana. Mimi fundi umeme nililisahau hilo! Saa mbili kamili, watu wakiwa wametulia kwenye foleni, taa kubwa za uwanja zikawaka zote. Mlinzi alikuwa anafanya kazi yake. Kila siku huziwasha saa hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba leo kuna jambo. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa wakubwa wote isipokuwa yule mwenye ufunguo. Tangu hapo nafika siku tatu kabla, na wa kwanza kuzungumza naye ni mlinzi.

Kalamu za leza za kijani zinavutia kwa kuonyesha nyota, na ni hatari. Ashike mtu mmoja tu, isizidi miliwati tano, isielekezwe karibu na ndege wala usawa wa macho. Ukiona huna mtu wa kumwamini, achana nayo. Mkono ulionyooshwa unatosha.

Maswali yatakayokuja

Bendera ya Mwezini inaonekana? Haionekani. Darubini kama yangu, hewa ikiwa tulivu, inatenganisha vitu vyenye ukubwa wa zaidi ya kilomita moja kule. Hata darubini ya Hubble, iliyo angani, haiwezi kuona bendera. Chombo cha LRO, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009, ndicho kilichopiga picha sehemu wanaanga walipotua, na vivuli vya mitambo vinaonekana. Kwa nini Pluto ilitolewa? Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliweka sharti kwamba sayari iwe imesafisha njia yake, na Pluto haijasafisha. Watu huuliza hili kwa uchungu kana kwamba amefukuzwa ndugu. Waache walalamike kidogo.

Na lile la nyota ya kuzaliwa litakuja tu, hata tangazo likiwa safi. Usimcheke mtu. Mwambie kwamba Jua, katika mwaka, hupita mbele ya makundinyota 13, na la kumi na tatu, Ophiuchus, hupitiwa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba. Tena mhimili wa Dunia unayumba pole pole, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, kwa hiyo tarehe za magazetini hazilingani tena na mahali Jua lilipo. Kisha mwonyeshe kundi lake lilipo angani, kama lipo juu. Ng'e akiwa juu, na mkia wake uliojikunja, anamaliza ubishi mwenyewe.

Swali la darubini ya kununua, jibu langu ni moja: usinunue bado. Anza na darubini ya macho mawili ya 10×50 au 7×50 (inakuza mara 10 au 7, lenzi za milimita 50), ujifunze anga, urudi hapa mara tatu ujaribu za wenzako.

Ukitaka kufanya mchana

Jua linaweza kuonyeshwa, na madoa yake ni mazuri, lakini hapa sina mzaha. Kichungio cha Jua kikae mbele, kwenye mdomo wa bomba, kikiwa kimefungwa imara upepo usikitoe. Vile vidogo vya zamani vya kuskuruu kwenye lenzi ya jicho vitupe. Joto lote linakusanyika pale na vinaweza kupasuka jicho likiwa nyuma yake. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 ni ya kutazamia kwa macho tu, haitumiki na darubini. Na ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni, ivue kabisa. Mimi niliifunika tu, kifuniko kikadondoka bila mimi kujua. Nilihisi kitu kinaniuma begani, kumbe shati limetobolewa tundu la ukubwa wa punje ya dengu. Ingekuwa jicho la mtoto aliyechungulia. Asiwepo mtu mmoja dakika moja bila msimamizi kando ya darubini inayoangalia Jua.

Usiku wa wapenzi wenyewe

Mkusanyiko wa wenye darubini zao una sheria tofauti kabisa. Huo ufanye Mwezi ukiwa haupo, mbali na taa, na hapo kuwa mkali kwa anayewasha mwanga mweupe ni halali. Watu wafike kabla ya giza, wapange vitu jua likiwepo, na asiondoke mtu kwa gari katikati. Mikutano hii ina historia: ule wa Stellafane, kwenye kilima karibu na Springfield, Vermont, ulianza mwaka 1926, na wengi waliofika walikuja na vioo walivyovisugua wenyewe. Wengine hukutana mwezi Machi kujaribu kuona vitu vyote 110 vya orodha ya Messier, yaani makundi ya nyota, mawingu ya gesi na galaksi, kwa usiku mmoja. Nimejaribu mara moja, nikalala kwenye kiti nikiwa cha 61.

Mgeni mpya kwenye mkutano kama huu mkabidhi kwa mtu mmoja. Asipokabidhiwa ataogopa kugusa, ataogopa kuuliza, na atakaa pembeni na simu yake.

Mawingu

Yatakuja. Amua mapema, saa sita mchana, kama mkutano upo au haupo, na mimi huamua upo. Hotuba inafanyika, mipira inasogezwa, kisha naifungua darubini moja mbele yao: kioo hiki, lenzi hii, mwanga unapita hivi. Watu hupenda kushika. Mara mbili anga imefunguka dakika 15 za mwisho, na foleni ya usiku huo ilikwenda haraka kuliko zote, kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama juu kwa wasiwasi na hakuna aliyezubaa.

Wakati wa kufunga, washa taa nyeupe zote. Vifuniko vya lenzi hupotea kwenye nyasi, na mwanga mwekundu hauvionyeshi. Hesabu lenzi ndani ya boksi kabla ya kukunja meza. Funga darubini zote isipokuwa moja, iache kwenye kitu kilicho juu bado, hata kama ni kundi la nyota tu, kisha nenda langoni ukamwite mlinzi. Atakwambia ameona kwa mbali, inatosha. Mwite tena. Akiinama, muulize anaona vingapi.